Livingstone, Jina Moja na Koo Mbili: Uhakiki wa Historia za Majina ya Uskoti

Vitabu vinavyoeleza majina ya koo za Uskoti vina desturi moja ambayo msomaji huizoea upesi mno. Jina huwekwa juu kwa herufi nzito. Chini yake hutajwa mahali lilikotoka, mtu wa kwanza aliyeandikwa nalo, mabwana waliolipatia sifa, na mwishowe nchi ambazo wenye jina hilo wanakaa leo. Habari hushuka kama mto mmoja toka chemchemi hadi baharini. Kila hatua ina ushahidi wake, na mwanafunzi wa isimu akiisoma haoni kasoro. Kasoro imo katika viungo vya hatua hizo. Ni nani aliyehakikisha kwamba mtu wa mwisho katika habari ni wa uzao wa mtu wa kwanza? Jina la Livingstone, ambalo Mkongomani hulisikia tangu shule ya msingi, ni kipimo kizuri cha desturi hiyo, maana linaishinda.

Habari ya kawaida huanza katika karne ya 12, magharibi ya Edinburgh, katika jimbo la West Lothian. Hapo palikuwa na mwenye ardhi aitwaye Leving. Jina lake si la Kigaeli bali la Kiingereza cha kale, na mzizi wake una maana ya mtu apendwaye. Shamba lake pamoja na nyumba zake liliitwa kwa jina lake, likaongezewa neno ton, ambalo zamani lilikuwa na maana ya boma au makao. Mwanawe, Thurstan, alilitoa kanisa la mahali hapo liwe mali ya abasia ya Holyrood. Hivyo jina la mtu liligeuka jina la mahali, kisha vizazi vilivyofuata vikaligeuza jina la mahali kuwa jina la watu: waliomiliki Livingston walijiita watu wa Livingston, jinsi mabwana wengi wa enzi zile walivyofanya. Hadi hapa hakuna la kupinga.

Inafaa hata hivyo kulitazama umbo lenyewe la neno. Sauti s ilikuwa mali ya Leving. Ni kile kiambishi cha umilikaji kinachofanya kazi ya kihusishi -a cha Kiswahili katika maneno kama 'boma la Leving'. Sikio la vizazi vya baadaye liliuhamisha mpaka. Ile s ilijitenga na Leving ikaungana na ton, na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya 'hai' na 'jiwe' yakaonekana mahali ambapo hayakuwapo kamwe. Herufi e ya mwisho, ambayo haitamkwi, iliwasaidia walioipenda maana hiyo mpya. Ni rahisi kwa mhubiri kulisoma jina la mmisionari mashuhuri na kukumbuka mawe yaliyo hai ya Waraka wa Kwanza wa Petro. Mahubiri yana haki yake; etimolojia hiyo haina.

Katika karne ya 14 ukoo wa Livingston ulipata ardhi za Callendar, karibu na Falkirk, na toka hapo ukaingia katika mambo ya ufalme. Katika karne ya 15 Alexander Livingston wa Callendar alimshika mfalme James wa Pili mikononi mwake wakati mfalme huyo alipokuwa mtoto, na jamaa zake wakagawana vyeo hadi walipoangushwa kufikia mwaka wa 1450. Waliinuka tena. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliomfuata malkia Mary wa Uskoti hadi Ufaransa mwaka wa 1548. Mwaka wa 1600 mkuu wa ukoo alipewa cheo cha Earl wa Linlithgow, na cheo hicho kilipotea mwaka wa 1716 kwa sababu mwenyewe alikuwa upande wa walioasi mwaka wa 1715. Wito ulioandikwa kwenye nembo yao ulikuwa wa Kifaransa, Si je puis, yaani 'nikiweza'. Wasomaji wa Lubumbashi na Kisangani hawatahitaji kamusi kuuelewa, na huenda wakatabasamu kuona jinsi wakuu wa nchi moja wanavyopenda kusema makubwa yao kwa lugha ya nchi nyingine.

Tawi moja la jina hili lilivuka bahari mapema. Robert Livingston, aliyezaliwa Ancrum mwaka wa 1654, mwana wa mchungaji, alikwenda New York, akapata ardhi kubwa sana kandokando ya mto Hudson. Mjukuu wake Philip alitia sahihi katika tangazo la uhuru wa Marekani mwaka wa 1776. Robert R. Livingston wa jamaa hiyo alimwapisha George Washington mwaka wa 1789, na mwaka wa 1803 alikuwa mmoja wa wajumbe waliopatana na Ufaransa juu ya ununuzi wa Louisiana. Hawa wote waliliandika jina bila e.

Hapo ndipo vitabu vingi humwingiza David Livingstone, kana kwamba ni mtoto mwingine wa nyumba hiyo. Lakini nasaba yake haielekei West Lothian. Babu yake alikuwa mkulima katika Ulva, kisiwa kidogo cha pwani ya magharibi ambako watu walisema Kigaeli, lugha ambayo Leving hakuiachia hata silabi moja katika jina lake. Akina Livingstone wa pande hizo za magharibi, wa kisiwa cha Lismore na nchi ya Appin, walikuwa na jina jingine kabisa kabla ya hili.

Jina hilo huandikwa kwa namna mbili, na wanachuo wameshindania ipi iliyo ya kweli. Wengine husema Mac an Léigh, 'mwana wa mganga'. Wengine husema Mac Dhunnshléibhe, 'mwana wa Donn Sléibhe', jina la mtu linaloundwa na neno la rangi ya kahawia na neno la mlima. Ushindani huu unaweza kupunguzwa kwa kusikiliza tu. Katika Kigaeli konsonanti ya mwanzo hulegea ikifuata maneno fulani: sh haitamkwi kama katika Kiswahili bali kama h nyepesi, dh hufifia, na bh ya mwisho huweza kutoweka kabisa katika usemi wa haraka. Ukiyaondoa yote hayo katika Mac Dhunnshléibhe, kinachobaki mdomoni kinakaribiana sana na Mac an Léigh. Kwa hiyo inaelekea kwamba jina refu ndilo la kale, na 'mganga' alizaliwa baadaye, pale ambapo wasemaji wenyewe walikuwa wameisahau maana na kutafuta nyingine iliyo karibu. Ni jambo lile lile lililompata Leving kwa upande wa Kiingereza. Masikio ya watu, wawe wa milimani au wa tambarare, hayapendi kubaki na neno lisilo na maana.

Jina la namna hiyo lilikuwa na kazi ambayo Livingston haikuwa nayo. Mac ni mwana wa kiume. Binti huitwa nic. Msomaji wa Kiswahili anayajua mambo haya kwa bin na binti. Jina lilimweleza mtu kwa wazazi wake, si kwa shamba. Tena katika Lismore jamaa hii ilikuwa na amana: ilitunza fimbo ya mtakatifu Moluag, mtawa wa karne ya 6 aliyehubiri kisiwani hapo. Fimbo hiyo ya mti inaitwa Bachuil, na jina hilo limekuwa pia jina la makao yao. Tangu vizazi vingi haki yao juu ya ardhi ndogo wanayoishi imetegemea utunzaji huo.

Je, watu wa namna hii walifikaje kuitwa kwa jina la bwana wa nyanda za chini? Maelezo moja, ambayo yana nguvu, ni kwamba katika karne ya 17 mwungwana mmoja aitwaye Livingstone alipewa na mfalme mamlaka ya kutoza mapato ya ardhi za uaskofu wa pande hizo, na wenyeji wakajiweka chini ya jina lake. Iwe hivyo au vingine, jambo moja ni dhahiri: jina la Kigaeli halikutafsiriwa. Hakuna njia yoyote ya fonolojia wala ya maana inayoweza kulitoa Livingstone katika Mac Dhunnshléibhe. Lilifunikwa kama sanduku linavyofunikwa kitambaa. Na si kila mahali lilifunikwa kwa kitambaa hicho hicho. Kwingine katika Uskoti limeandikwa MacLeay; katika Ayalandi majina ya asili hiyo hiyo yameandikwa Dunleavy na Leavy. Ndugu wa jina wametawanyika chini ya herufi mbalimbali za alfabeti, na wasio ndugu wamekusanywa chini ya herufi L.

Hili ndilo kosa kubwa la kamusi za majina, nalo ni kosa la muundo. George F. Black, Mskoti aliyefanya kazi miaka mingi katika maktaba ya umma ya New York, alitoa mwaka wa 1946 kamusi ya majina ya koo za Uskoti ambayo bado haijapata mshindani. Wingi wa hati alizozipitia mtu mmoja unastahili heshima. Lakini kamusi hupangwa kwa tahajia, na tahajia ni kazi ya karani. Mpangilio huo unapoingia mikononi mwa waandishi wa vitabu vidogo vya watalii, wasio na subira ya Black, ingizo la kamusi hugeuka kuwa ukoo. Mwenye jina la Livingstone huuziwa kitambaa cha mirabaraba ya ukoo 'wake' na nembo yenye Si je puis, ilhali kwa sheria ya Uskoti nembo hupewa mtu mmoja na warithi wake, wala haipewi jina. Mjukuu wa wavuvi wa Lismore hutundika ukutani ngao ya mabwana wa Callendar.

Laiti vitabu hivyo vingefuata maisha ya jamaa moja tu ya nyanda za juu, vingeona mengi zaidi. Akina Livingstone wa Appin walipigana chini ya bendera ya akina Stewart katika vita vya Culloden mwaka wa 1746, na David Livingstone mwenyewe ameandika kwamba babu wa baba yake aliuawa huko. Mwaka wa 1792 babu yake alihama Ulva akaenda Blantyre, kando ya mto Clyde, kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Hapo ndipo mjukuu alipozaliwa mwaka wa 1813, na alipofika umri wa miaka kumi aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika. Mtu akitoka kisiwa cha Kigaeli na kuingia kiwanda cha Kiingereza, jina lake halina ndugu wa kulisahihisha. Baba yake David alilipunguza e. Mwana naye akaliandika hivyo kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1850 alipoirudisha. Kama angekufa akiwa kijana, ramani za Afrika zingeandikwa kwa tahajia nyingine. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855, na tangu hapo mabadiliko madogo ya namna hii yalianza kuwa magumu.

Katika Afrika jina lilianza maisha mengine, na hapo vitabu vya koo hunyamaza. Livingstone alifika Nyangwe, katika Maniema ya leo, mwaka wa 1871, akashuhudia mauaji ya sokoni tarehe 15 Julai, akarudi Ujiji kwa huzuni. Huko alikutwa na Stanley, ambaye alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands na kujipa jina la Stanley huko Marekani. Picha maarufu za mkutano ule zinaonyesha Waingereza wawili wakisalimiana kwa majina ya ukoo; ukweli ni kwamba mmoja alikuwa na jina lililofunika la mababu, na mwingine alikuwa ameliazima lake.

Stanley aliposhuka mto mwaka wa 1877 alitaka mto wote wa Kongo uitwe Livingstone. Mto ulikataa, lakini mfululizo wa maporomoko kati ya Kinshasa na Matadi umebaki na jina hilo katika atlasi, ingawa Livingstone hakufika huko, wala hakujua kwamba maji aliyoyaona Nyangwe ni ya Kongo. Alidhani ni ya Nili. Stanley mwenyewe hakubahatika hivyo. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka wa 1966, maporomoko yaliyokuwa na jina lake yakaitwa Boyoma, ziwa lake likawa Malebo. Alichojiandikia yeye kimefutwa. Alichomwandikia rafiki yake kimesalia. Zambia nayo iliuacha mji wa Livingstone na jina lake baada ya uhuru wa 1964. Na Blantyre ya Malawi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Uskoti mwaka wa 1876, sasa ni mji mkubwa kuliko mama yake mara nyingi.

Jina hili lilipoingia kanisani likawa jina la ubatizo. Askofu mkuu wa Kanisa la Uganda toka 1995 hadi 2004 aliitwa Livingstone Mpalanyi Nkoyoyo. Wapo wengi kama yeye katika Uganda, Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, na pale ambapo mtoto huchukua jina la baba yake kuwa jina lake la mwisho, Livingstone ya ubatizo hugeuka katika kizazi kimoja kuwa Livingstone ya daftari. Wachoraji wa ramani za mgawanyo wa majina huja baadaye, huhesabu, na kutia rangi. Rangi ya Uskoti, Ayalandi ya Kaskazini, Kanada na Australia ni ile ile ya Afrika ya mashariki, na msomaji asiyeonywa atadhani anaona njia za wahamiaji. Katika Marekani tahajia isiyo na e ndiyo inayozidi, na miongoni mwa wanaoichukua wamo Waamerika weusi wengi, ambao mababu zao hawakuulizwa. Jamaa ya Philip Livingston ilifanya biashara ya watumwa. Ramani haina rangi ya jambo hilo.

Hata chemchemi yenyewe imebadilika. Livingston ya West Lothian ilitangazwa kuwa mji mpya mwaka wa 1962, ukajengwa ili kupokea watu waliobanana Glasgow. Anayekwenda huko leo kutafuta uzao wa Leving atakuta maduka makubwa, barabara pana za mizunguko, na wakazi ambao wengi wao wazazi wao walihamia.

Uhakiki huu haukusudiwi kwa Waskoti peke yao. Katika idara za Kiswahili na za lugha za Kongo, mwanafunzi anayepewa kazi juu ya majina ya watu huanza kwa kuuliza maana, na akiisha kuipata hufunga daftari. Hutafsiri 'mwana wa mganga' bila kuuliza kama mganga alikuwapo. Hutafuta ukoo kwa tahajia, na kusahau kwamba karani wa kikoloni aliandika alivyosikia, na kwamba mwaka wa 1972 dola iliwaamuru watu kuyaacha majina ya Kikristo, hivi kwamba mtu mmoja ana jina moja katika cheti cha shule na jingine katika kitambulisho. Kaka wawili waliozaliwa nyumba moja wanaweza kukosana katika faharasa kwa sababu mmoja alisajiliwa kabla ya amri na mwingine baada yake. Mwanafunzi akianza na swali la nani aliandika, lini, na kwa lugha ya nani, atafika kwenye maana akiwa amechelewa kidogo, lakini atafika na watu wake wote.

Kule Lismore jambo hili limetengenezwa kwa sehemu. Mwanzoni mwa karne hii Lord Lyon, afisa wa ufalme anayesimamia nembo na vyeo vya koo katika Uskoti, alimtambua mtunzaji wa fimbo ya Moluag kuwa mkuu wa ukoo wa MacLea. Jina la mtunzaji huyo katika vyeti vyake vyote lilikuwa Livingstone.